Mbao za Nzilo Zilizobaki Stesheni

Mnakuja kwangu na simu mkononi. Salamu hazijaisha, mnanionyesha picha: nyumba ya ng'ambo, sakafu ya mbao mbele yake, viti viwili, glasi mbili, na hakuna hata mtu mmoja anayefagia. "Mama Mwadi, tunataka terasi kama hii. Mbao ngumu, ya kudumu. Lakini isiwe ya kumaliza pori. Tununue wapi?"

Sehemu ya mwisho ya swali lenu inanifurahisha. Nilipoanza kazi ya kununua mbao hapa Kolwezi, nilimjua mtu mmoja tu aliyeuliza hivyo, nami nilimcheka. Nilikuwa msichana aliyesoma mimea chuo kikuu huko Lubumbashi mpaka masomo yakakatika, kama mambo mengi yalivyokatika miaka ile, na nilikuwa na ugonjwa wa kutoamini kitu. Ukiniambia mvua inanyesha, natoka nje kutazama. Sijapona. Hata haya ninayoandika nimemuuliza Prosper, dereva wetu wa zamani, mara mbili, na mahali tusipokubaliana nitawaambia.

Basi nianze na kosa, maana kosa ndilo lililonipa mwalimu.

Safari yangu ya kwanza ya kununua peke yangu, nilipata muuzaji kando ya barabara mwenye mbao nyekundu zilizonyooka vizuri. Akasema ni mulombwa, ule mti wetu unaotoa utomvu kama damu ukikatwa, ambao ndugu zetu wa Tanzania wanauita mninga. Mimi, msomi, nikaomba karatasi. Akaitoa: ruhusa ya kukata, saini mbili, mihuri mitatu. Nikaikagua karatasi ile kama mwalimu anayetafuta mwanafunzi aliyenakili. Nikalinganisha mihuri. Nikauliza tarehe. Nikahakikisha saini zimetoka mikono miwili tofauti. Mbao zenyewe sikuzigusa.

Nilizifikisha karakana nikitembea kwa maringo. Mwenye karakana alikuwa Tata Kabeya, tata ni baba kwa lugha ya huku, fundi mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Miaka mingi aliinunulia kampuni ya migodi magogo ya kuegemeza mashimo na mataruma ya reli. Kampuni ilipoanza kuanguka na mishahara ikawa hadithi, akachukua misumeno yake akafungua karakana mtaa wa Musonoi, ng'ambo ya shimo kubwa la mgodi. Aliitazama karatasi yangu akairudisha bila kuisoma.

"Mama Maswali," akasema, maana ndivyo alivyoniita, "weka mate ku kidole."

"Juu ya nini, Tata?"

"Weka tu. Sasa pangusa bao."

Nikapangusa.

"Unaona nini ku kidole?"

"Rangi."

"Mulombwa inapakalaka rouge à lèvres, rangi ya midomo?"

Mafundi wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Zilikuwa mbao za mti laini zilizopakwa maji ya magome. Mvua ya mchana ule ilimaliza shauri: uwanja mzima ukawa na kijito chekundu, mbao zikabaki nyeupe kama mihogo, na mbwa wa karakana akazunguka Musonoi siku mbili akiwa na miguu myekundu, watu wakiniuliza kama ni mimi niliyempaka.

Tata Kabeya hakunifukuza. Aliniambia tu, "Karatasi inasema ile mutu aliandika. Bao inasema ile iko." Kisha akanipa kazi ya kuranda zile mbao nyeupe tutengeneze mabanda ya kuku. Karatasi nikaificha ndani ya kamyo, lori la Prosper, kwenye kisanduku cha mbele, ili nisiione.

Kwa hiyo, wapendwa, mkienda kununua, msianze na karatasi. Kagueni ncha ya ubao. Nyama nyeupe ya nje ya mulombwa ni chakula cha wadudu, haifai kwa terasi. Ule moyo mwekundu wa ndani ndio unaokaa mvuani miaka na miaka. Gongeni kwa kifundo cha kidole. Ubao mzima unajibu, wenye ufa unanung'unika. Na mate hayagharimu kitu.

Kisha mwulizeni muuzaji shina liko wapi. Hapo ndipo nilipomcheka mzee.

Tata Kabeya hakununua ubao ambao hakuliona shina lake. Alikuwa na nyundo yenye herufi ya jina lake upande mmoja. Mti ukiangushwa, aligonga alama kwenye gogo, akagonga alama ileile kwenye kisiki, kisha akasimama pale mbele ya watu wa kijiji na kujitaja. Mara ya kwanza kumsikia nilidhani anaomba.

"Mi ni Kabeya, mutoto ya Mbuyi, nilizaliwa ku Musonoi. Huyu muti, ni mi njo nilikata. Mukiona pori inaharibika, mukuje kuniuliza."

Nikamuuliza, "Tata, mti unasikia?"

"Muti hapana. Ila hawa bantu banasikia. Kesho kama nikidanganya, banajua mulango yangu."

Nikasema hiyo ni imani ya kizamani na kwamba kuna sheria za misitu. Akajibu kwamba yeye hazipingi, ila hajawahi kuiona sheria ikitembea kwa miguu mpaka porini. Njia nzima nilibishana naye. Leo watu wenye shahada kunizidi wanaandika vitabu kuhusu jambo hilohilo, kufuata ubao mpaka kwenye kisiki chake, nami ninaposoma namwona mzee yule na nyundo yake.

Terasi ninayotaka kuwasimulia ilianza hivyo. Mama Directrice, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, alikuwa amejenga nyumba ndogo huko Nzilo, juu ya maji ya bwawa. Alikuwa Mulunda, kabila la wenyeji wa huku, mjane, mwenye miguu inayovimba na ulimi usiovimba kamwe. Saruji ilimchoma nyayo. Alitaka sakafu ya mbao mbele ya nyumba, pana, akae jioni anyooshe miguu. "Na mutaniambia imetoka wapi," akasema. "Mi sitaki kukalia wizi."

Tulikwenda mbali kidogo na njia ya reli ya Dilolo, kwenye kijiji alichokijua Tata Kabeya. Mkuu wa kijiji hakutuuzia mti mpaka atuonyeshe ule usiouzwa: mulombwa mmoja mnene uliobeba mbegu nyingi. "Huyu ni mama yabo," akasema. "Hata mukileta mihuri, tampon kumi, huyu anabaki." Kisha akaniuliza mimi mume wangu yuko wapi, na nilipojibu sina, akamuuliza Tata Kabeya kama mbao ndizo mahari. Mzee alicheka njia yote ya kurudi.

Tulichukua miti michache iliyokomaa. Visiki tukavikata chini ili vichipue tena. Tukalipa pia vijana wachome nyasi mapema kuzunguka visiki, wakati bado zina maji, maana moto wa mwisho wa kiangazi ndio unaoua machipukizi ya mulombwa. Mambo haya sikuyafundishwa chuoni. Chuoni nilifundishwa jina la mti kwa Kilatini.

Mbao zikakaa karakana kiangazi kizima. Tulizipanga na vijiti katikati ili upepo upite, ncha zake tukazipaka mafuta machafu ya injini zisipasuke. Mama Directrice alituma ujumbe kila juma: "Zimekauka?" Kila juma tulijibu, "Bado." Ubao usiokauka ukiupigilia leo, mwezi ujao utainuka upande mmoja kama ulimi.

Zilipokauka, mji ulikuwa umegeuka.

Mnajua habari hii, au mnajua kwamba wazee wenu hawapendi kuisimulia. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini. Kazi imekwisha, mshahara hakuna, na watu wakaanza kuambiana kwamba wenye makosa ni Wakasai. Waliletwa na Wabelgiji kuchimba shaba, babu na baba. Watoto na wajukuu walizaliwa hapahapa. Ghafla kila mtu barabarani aliulizwa: wewe wa wapi? Baba yako wa wapi? Waliitwa bilulu, wadudu. Wakaanza kuhamia stesheni kungoja treni za kuwapeleka Kasai, sehemu ambayo wengi hawakuwahi kuiona.

Mimi familia yangu inatoka kaskazini ya Katanga, jimbo letu hilihili. Hakuna aliyenigusa. Na sasa nawaambia kosa langu la pili, ambalo halichekeshi.

Watu waliokuwa wakiondoka waliacha au waliuza chochote. Siku moja muuzaji alikuja karakana na milango miwili ya mulombwa safi, mizito, mikavu kama mfupa. Tata Kabeya, mtoto wa Mkasai, hakuwapo. Alikuwa hajafika siku tatu, nikadhani anajificha kwa ndugu. Nikafikiri kisomi: mbao hii imekwisha kukatwa zamani, hakuna mti mpya utakaoanguka, pori halipotezi kitu. Hakuna mbao safi kuliko hii. Nikainunua. Nikagonga, nikapaka mate, nikatazama moyo wa mti. Nilijiona nimeiva.

Nilipogeuza mlango mmoja ili nitoe bawaba, nikaona mistari ya penseli pembeni. Mmoja ulikuwa kwenye goti langu, mwingine kiunoni, mwingine kifuani. Ni vimo vya watoto, kila mstari una jina. Mutombo. Ngalula. Mutombo tena, juu zaidi.

Nilikuwa nimekagua mti na kusahau mlango.

Nikamwambia Prosper tupakie. Nilitaka kumtafuta mwenye milango stesheni. Prosper akasema, "Madame, kule kuko bantu elfu na elfu. Utaita 'Mutombo' kila mutu atageuka." Alisema kweli, lakini akawasha gari.

Hakuna mtu aliyenijibu kwa majina yale. Niliita mpaka sauti ikakauka. Watu walikaa kila mahali, chini ya mabati, chini ya shuka, pembeni mwa reli, na mvua za Novemba zilikuwa zimekwisha kufanya ardhi uji. Na pale nyuma ya ghala la mizigo, juu ya makatoni yaliyolowa, nikamwona Tata Kabeya amekaa, nyundo yake na randa kwenye gunia miguuni. Kando yake mkewe, Mama Meta, amelala kwa ubavu akikohoa kikohozi kirefu kisichotaka kuisha.

Nikachuchumaa kando yao. Mama Meta ndiye aliyesema kwanza.

"Alinikataza kukuitisha. Alisema, 'Ule mutoto ataleta maswali yake mpaka ku gare, huku stesheni.'"

"Tata," nikasema, "wewe umezaliwa Musonoi."

"Niliwaambia."

"Wakasema nini?"

"Banauliza baba yangu. Nikajibu. Si unajua mi najitajaka." Akatabasamu kidogo. "Safari hii haikunisaidia."

Nimelifikiria jambo hilo maisha yangu yote. Swali alilonifundisha kuuliza ubao, umetoka wapi, lilikuwa swali zuri. Swali hilohilo likaulizwa watu, likawa rungu. Nafikiri tofauti ni kwamba yeye aliuliza ili ajibu kwa alichokata, na wao waliuliza ili wasijibu chochote.

Mama Meta alikohoa tena. Muuguzi mmoja, naye ni wa kungoja treni, akaniambia pembeni: mapafu. Akiendelea kulala kwenye maji, hatapanda treni; atazikwa hapa. Treni yenyewe hakuna aliyejua itakuja lini. Wiki, labda miezi.

Tulishusha milango miwili tukaiweka juu ya mawe ya reli. Mama Meta akalala juu ya mlango mmoja, wazee wawili juu ya mwingine. Watu wakaja kutazama. Wengine walikuwa na watoto wachanga. Milango ilikuwa miwili tu!

Nikamwambia Prosper turudi karakana.

"Kuchukua nini?"

"Mbao za Nzilo."

"Za Mama Directrice?" Akazima injini. "Madame, yule mama atatuua, halafu atatusahihisha kwa kalamu ya bic nyekundu."

Lakini tulikwenda. Kwenye njia ya kurudi, na kamyo imejaa, vijana walikuwa wameweka kizuizi. Prosper anasema walikuwa kumi. Mimi nakumbuka wanne. Mmoja alikuwa na panga, hapo tunakubaliana.

"Simama! Munabeba nini?"

"Mabao," Prosper akajibu.

"Ya nani? Munapelekea bilulu?"

"Petit, mudogo yangu, mi niko chauffeur, dereva tu. Ata ukinibebesha ngombe, nitaendesha."

Kijana akanigeukia. "Na wewe, wa wapi?"

Nikajibu. Nikataja baba yangu na kijiji chake. Nilijibu upesi, kwa sauti safi, na mlango wa roho ya yule kijana ukafunguka palepale: dada yetu. Hadi leo najiuliza kwa nini nilijibu upesi hivyo. Ningeweza kukaa kimya. Ningeweza kusema mimi ni wa Kolwezi, kama Tata Kabeya. Nilijua jibu linalopita nikalitoa, na mbao zikapita kwa jibu hilo. Sijui kulifuta.

Aliomba karatasi pia. Nikanyoosha mkono kwenye kisanduku cha mbele, nikampa ile ya mihuri mitatu, ya mbao zilizopakwa rangi. Akaihesabu mihuri kwa kidole.

"Tampon tatu! Hawa ni bantu ya kweli. Mupite."

Prosper hakucheka mpaka tumefika kona ya pili. Kisha alishindwa kushika usukani.

Tata Kabeya alipoona mbao, alizijua kabla hazijashuka. Alisimama. "Hapana," akasema. "Ile iko na mwenyewe."

"Nitamwambia."

"Ulimuomba?"

"Nitamwambia, Tata."

Akamtazama mkewe. Akatazama mbao. Niliona mtu aliyeishi kwa kanuni moja akipima kanuni yake juu ya mbavu za Mama Meta. Mwisho akafungua gunia, akatoa msumeno. "Kama tunaiba," akasema, "tuibe na ufundi."

Kulikuwa na mafundi wengi pale: wa mitambo, wa umeme, makarani waliojua kupima. Walikuwa wamekaa siku nyingi mikono mitupu, na walipoona kazi walikuja kama watu waliosikia kengele ya chakula. Matofali ya ghala lililobomoka yakawa miguu. Juu yake mihimili, kipimo cha hatua fupi kati ya mmoja na mwingine. Mimi nikachukua nyundo na msumari nikapiga moja kwa moja kwenye ncha ya ubao, ukapasuka.

"Mama Maswali! Unatoboa kwanza! Mulombwa si muhogo." Aliniambia hivyo mbele ya watu wote, mgeni ndani ya nchi aliyozaliwa, amefukuzwa, amelowa, na bado ananikaripia kwa sababu ya tundu. Sikuwahi kufurahia karipio kama lile.

Wanawake walitaka mbao zibanane, upepo usipite. Yeye akakataa: kati ya ubao na ubao iache nafasi ya upana wa penseli ya fundi, maji yapite, ubao upumue. Wakanung'unika. Mvua iliyofuata iliingia kwa kishindo chini ya turubai tulilofunga kuwa paa, ikapita kwenye nafasi zile na kukimbia chini ya sakafu kama mtaro. Juu, kwenye mikeka, kulikuwa kukavu. Hakuna aliyenung'unika tena. Ninyi mnaotaka terasi, shikeni penseli hiyo.

Siku iliyofuata nilikwenda Nzilo. Mama Directrice alikuwa amekaa kwenye saruji yake, miguu ndani ya beseni.

"Mabao yangu imekauka?"

"Imekauka, mama."

"Iko wapi?"

"Ku gare."

"Gare inafanya nini na mabao yangu?"

"Bantu banalala juu yake."

Akatoa miguu kwenye beseni.

"Yote?"

"Ilibakia sita ku karakana."

"Na ile sita," akasema, "inangoja mwaliko?"

Alipanda kamyo mwenyewe, mbele, na viatu vyake mkononi. Kwenye kizuizi vijana walikuja, yule wa panga mbele. Mama alishusha kioo.

"Wewe. Si nilikufundisha kusoma?"

"Ndiyo, mama."

"Basi soma huu uso. Ondoa hiyo muti barabarani."

Akaiondoa. Alisema pia, "Samahani, mama." Prosper anaapa kwamba alilia, mimi sikuona.

Stesheni, Mama Directrice alipanda juu ya sakafu yake, akatembea kutoka pembe hadi pembe huku akikanyaga kwa kisigino. "Huku inacheza," akamwambia Tata Kabeya. Kisha akakaa karibu na Mama Meta, wakazungumza mpaka mchana ukaisha. Sikusikia walisema nini. Terasi ya Nzilo tuliijenga baadaye sana, kwa miti ya kijiji kilekile, na bado ni nzima. Lakini kila mgeni aliyeisifu, yule mama alimjibu, "Hii ni ya pili. Ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi."

Hamtaniamini nikisema nawashukuru wengi wa siku zile. Sisemi siku zenyewe. Hizo sina cha kuzishukuru. Namshukuru mkuu wa kijiji aliyetunyima mti mmoja. Namshukuru Prosper aliyeogopa na kuendesha. Namshukuru mama aliyeniuliza zile sita zinangoja nini, maana mimi nilikuwa nimejiandaa kutukanwa na ningeishi maisha yangu yote nikidhani kutukanwa kungelipa deni. Nashukuru hata kwa kosa la milango, kwa sababu bila ile mistari ya penseli nisingekwenda stesheni. Mutombo na Ngalula sikuwapata kamwe. Mlango wao tulikuwa tumeupigilia katikati ya sakafu, mistari ikitazama juu, na watoto wa watu wengine walijilaza kando yake wakajipima.

Kikohozi cha Mama Meta kilipungua pole pole. Kwanza akakaa. Kisha akaanza kugombana na mumewe juu ya chumvi, na muuguzi akaniambia hiyo ni dalili nzuri kuliko kipimo chochote. Juma la tano, mchana, treni ikaja: mabehewa ya mizigo, milango wazi. Watu wakainuka mara moja. Vijana wawili walikuja na shuka kumbeba Mama Meta kama mzigo, ndivyo tulivyokuwa tumepanga. Akawapiga mikono.

"Mi siko marehemu. Munipishe."

Alishuka kwenye sakafu kwa miguu yake, akavuka reli, akashika chuma cha behewa na kupanda. Alipofika juu aligeuka, akaangalia kama mumewe amesahau sufuria.

Tata Kabeya hakutaka tung'oe hata ubao mmoja. "Kesho watakuja wengine," akasema. Na walikuwa wamekwisha kuja. Nyuma yetu mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa amesimama ukingoni mwa sakafu, miguu imejaa tope, akivua sandali zake kabla ya kukanyaga, kama mtu anayeingia nyumba ya watu.

Treni ikashtuka. Nilitaka kusema neno kubwa, nilikuwa nimelitayarisha siku tatu. Tata Kabeya akatoa kichwa kati ya vichwa vingine, akapiga kelele kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Mama Maswali! Musumari! Ile ya pembeni ya mulango! Imetoka juu, itakata mutoto muguu!"

Nikageuka. Kweli, ulikuwa umechomoza, na mwanamke yule alikuwa anaweka mtoto wake karibu nao. Nikaokota jiwe la reli, nikapiga magoti, nikaupigilia mpaka kichwa kikazama ndani ya mbao, kisha nikapitisha kiganja juu yake kuhakikisha. Kwa hiyo sikumwona akipunga mkono. Nilikuwa nimeinama.